Aya Niliyoiruka Katika Barua ya Maji

Kwa wiki tisa mimi na wanangu hatukunywa wala kupikia maji ya mfereji ulio nyuma ya ukuta wetu, na jirani zangu waliendelea kuyanywa. Mimi nilijua sababu. Wao hawakujua. Nimejaribu kuandika habari hii mara kadhaa nikianzia kwingine, kwenye ukame wa mwaka ule au kwenye uchovu wa kazi ya kamati, na kila mara nikisoma nilichoandika naona ni mtu anajitetea. Kwa hiyo nimeanzia hapo.

Kituo chetu kiko kati ya Kutulo na Lafey. Kuna shule moja, ambako ninafundisha, zahanati moja, msikiti na madrasa yake, maduka machache na kisima kirefu chenye mashine ya sola. Mashine hupandisha maji kwenye tangi la juu, na kutoka tangini paipu huenda kwenye mifereji mitatu: mmoja zahanati, mmoja shuleni na mmoja kwetu, nyuma ya nyumba zetu kumi na moja, karibu na madrasa. Paipu za shule na zahanati ni za plastiki. Ya kwetu aliiweka baba yangu.

Baba alikuwa mlinzi wa boma la zamani la serikali, nyumba za mawe zilizobaki tangu enzi za Mwingereza. Boma lilipokuwa halina tena hata paa, aliruhusiwa kuchukua chochote kinachomfaa. Wengine walikuwa wamekwisha chukua mabati na milango. Yeye alichimba ardhini akatoa paipu. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, na nakumbuka jinsi tulivyozishangaa. Zilikuwa za kijivu, nzito kuliko chuma, lakini laini. Mwanamume mmoja angeweza kuzikunja kwa mikono. Baba alichukua msumari akaikwaruza moja mbele yetu, na pale alipokwaruza pakang'aa kama fedha.

"Tazameni," alisema. "Hii haishiki kutu. Itawafaa wajukuu zangu."

Alikuwa anasema kweli. Haikushika kutu. Alichimba mtaro na wanaume wa madrasa, akaunganisha vipande kwa moto, na siku maji yalipotoka nyuma ya ukuta wetu wanawake walipiga vigelegele. Kabla ya hapo walikuwa wanabeba mitungi kutoka tangini, safari mbili au tatu kwa siku, jua likiwa kichwani.

Baba alipofariki, sheikh alisema mbele ya kaburi kwamba mfereji ule ni sadaka inayoendelea, na kwamba kila anayekunywa humpelekea baba yangu thawabu huko aliko. Tangu siku hiyo wanawake wakifungua maji husema, "Allah amrehemu." Nimelala na kuamka miaka mingi nikisikia maneno hayo ukutani kwangu. Sidhani kuna binti aliyerithi kitu kizuri zaidi.

Kwenye kamati ya maji mimi ndiye katibu. Sikuchaguliwa kwa busara. Walimu wa bara walikuwa wameondoka kwa sababu ya usalama, wauguzi walikuwa wanakuja na kwenda, na kwa muda mrefu niliyebaki pale anayesoma Kiingereza vizuri ni mimi, niliyesomea ualimu Garissa. Barua ikija, naisoma, kisha nawaeleza wazee kwa Kisomali. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimeeleza yote.

Mwaka juzi alikuja mkaguzi wa maji kutoka Garissa, mwanamke wa makamo, mtu wa bara, mwenye sanduku la barafu na chupa ndogo ndogo. Alifika alasiri, akaomba mifereji yote mitatu isifunguliwe mpaka atakapokuja yeye asubuhi, kwa sababu alitaka maji yaliyolala ndani ya paipu. Alfajiri nilimsindikiza. Kwetu alijaza chupa zake, kisha akachuchumaa akaitazama paipu pale inapotoka ardhini. Akachukua ufunguo wa gari akaikwaruza.

"Mwalimu, hii paipu ilitoka wapi?"

"Aliiweka baba yangu," nilimjibu. "Kwa mikono yake."

Nilisema kwa fahari, na aliisikia ile fahari. Hakuuliza tena. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akanishukuru, akaenda.

Barua ilikuja na gari la dawa za zahanati. Niliisoma nyumbani, nimekaa kitandani, mlango umefungwa. Ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema maji ya kisima hayana vijidudu. Ya pili ilisema yana chumvi kidogo, lakini yanafaa. Ya tatu ilikuwa juu ya mfereji wetu peke yake. Ilisema paipu ni ya madini ya risasi, kwamba risasi imeingia katika maji kupita kiwango kinachoruhusiwa, na kwamba watu wasinywe wala kupikia maji ya mfereji huo, hasa watoto na wanawake wajawazito, mpaka paipu iondolewe.

Niliisoma aya ile mara nyingi. Kisha nilitembea hadi kwenye kilima kidogo ambako simu hushika mtandao vizuri, nikampigia mkaguzi.

"Tukiyachemsha?" nilimuuliza.

"Kuchemsha hakusaidii, mwalimu. Risasi haifi kama kijidudu. Inabaki humo humo."

"Lakini hayana ladha mbaya. Hayana rangi."

"Ndiyo ubaya wake. Huioni, huinusi. Inaingia kwa mtoto polepole, inagusa akili yake, kujifunza kwake. Kwa mama mja mzito inamfikia aliye tumboni. Maji ya kwanza ya asubuhi ndiyo mabaya zaidi, maana yamelala kwenye paipu. Mkiyaacha yamwagike kwanza inapungua, lakini haiishi. Dawa ni kung'oa paipu. Sio kazi kubwa. Ni mtaro mfupi. Umeshawaambia watu?"

"Nitawaambia."

Nilikuwa nimekusudia kweli. Niliposhuka kilima nilikuwa nayapanga maneno. Lakini mkutano wa kamati ulikuwa kesho yake, na usiku ule mama yangu alikuwa uani akiomba dua zake kwa sauti, akimtaja baba, akimtaja na mfereji wake.

Kamati ilikutana darasani kwangu, wazee wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti wetu ni mzee ambaye wote tunamwita adeer, baba mdogo, ingawa si ndugu wa kila mmoja wetu. Akasema, "Haya mwalimu, watu wa Garissa wanasemaje?"

Nikasimama na barua mkononi. Nikawaeleza aya ya kwanza, wakasema Alhamdulillahi. Nikawaeleza aya ya pili, mzee mmoja akasema chumvi hata ngamia wanaipenda, wakacheka. Nikaitazama aya ya tatu. Kisha nikaikunja barua.

"Ni hayo tu," nilisema.

Hakuna aliyenilazimisha. Kulikuwa na nafasi hata baada ya hapo, maana walikaa wakinywa chai na kuzungumza habari za malisho. Nilijiambia kwamba neno lenyewe lingewatisha bure. Kwa Kisomali ni rasaas, kwa Kiswahili ni risasi, na kwetu karibu na mpaka neno hilo lina maana moja tu. Nilijiambia kwamba nitafute kwanza paipu ya plastiki, niibadilishe kimya kimya, nisimvunjie marehemu heshima. Yote hayo yalikuwa maneno ya kujifunika. Ukweli ni kwamba sikuweza kusimama mbele ya watu na kusema kwamba sadaka ya baba yangu inawadhuru.

Siku iliyofuata nilimwagiza mzee mwenye mkokoteni wa punda aniletee mitungi minne ya maji ya shuleni kila jioni. Watu walipouliza nilisema tumbo la mwanangu mdogo limezoea maji ya kule. Uongo huo ulikubalika kwa urahisi ulionitisha.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekataa. Nilipomwekea kikombe alikionja akakirudisha.

"Maji ya baba yako yana nini?"

"Hayana kitu, hooyo. Haya ni baridi zaidi."

"Mimi nitakunywa ya mume wangu."

Akainuka na kikombe chake, akatoka nyuma, akachota. Nilimtazama akinywa. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia na sikuimaliza hata kichwani.

Katika nyumba iliyoshikana na yangu anakaa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, ambaye huniita abaayo, dada. Hupika mikate ya anjera na chai ya kuuza asubuhi, kwa hiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza mferejini kila siku, kabla kiza hakijaisha vizuri. Mwaka ule alikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni na mwingine tumboni. Nikiwa kwenye mkeka wangu wa sala nilikuwa nasikia ndala zake, kisha mlio wa maji kugonga sakafu ya mtungi mtupu, kisha sauti yake, "Allah amrehemu." Maji ya kwanza ya asubuhi. Kila siku alikuwa anachukua yale mabaya kuliko yote, na akiyachukua anamwombea baba yangu.

Baada ya wiki tatu hivi sikuweza tena kuvumilia mlio ule. Lakini hata hapo sikufanya la mtu mzima. Nilianza kuamka kabla yake. Nilikuwa natoka nyuma peku, nafungua mfereji na kuuacha utiririke mchangani, kiasi cha ndoo tatu au nne, kisha naufunga na kusukuma mchanga mkavu kwa mguu juu ya mahali palipolowa. Ningeweza kuyakinga nikafulia nguo, lakini ningeonekana na ndoo na kuulizwa. Ulikuwa mwaka wa ukame. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara ya Lafey, watu walikuwa wanahesabu vikombe, na mimi katibu wa kamati ya maji nilikuwa namwaga maji safi kwa macho ya kila mtu, machafu kwa macho yangu peke yangu.

Nilirudi ndani kila asubuhi nikijihisi nimetenda jambo jema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kuiruka aya.

Alinikuta asubuhi moja ya Alhamisi. Nadhani mtoto wake alikuwa amemwamsha mapema. Nilisikia ndala, nikageuka, akawa amesimama na mtungi, anatazama maji yakikimbia kati ya miguu yangu.

"Abaayo?" alisema. "Unafanya nini?"

Nikafunga mfereji. "Yalikuwa na uchafu kidogo."

Akainama akakinga matone ya mwisho kwenye kiganja, akayatazama kwenye ule mwanga mdogo. "Mbona ni safi?"

Alijaza mtungi wake bila kusema neno lingine, hata zile dua zake hakuzisema. Kufikia adhuhuri kituo kizima kilikuwa kinajua kwamba mwalimu anamwaga maji, na mwenyekiti alikuwa ameitisha mkutano, safari hii si wa kamati peke yake.

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Jirani yangu aliombwa aseme alichokiona, akasema kwa adabu, bila kuongeza chochote. Mwenyekiti akanigeukia.

"Mwalimu, sisi tunakuamini. Tueleze tu. Ni nini?"

Alisema kwa upole, na kama angenifokea pengine ningeendelea kudanganya. Nilisimama.

"Maji ya mfereji wetu yana risasi," nilisema.

Kisha mzee mmoja mchungaji, aliyekuja kutoka malishoni juzi yake, akauliza, "Nani amepiga?" Na mwanamke mmoja dirishani akamvuta mtoto wake karibu. Hakuna aliyecheka. Ilinibidi niwaeleze kwamba sisemi risasi ya bunduki, nasema madini yenyewe, ile paipu ya kijivu, kwamba inayeyuka kidogo kidogo ndani ya maji bila kuonekana. Nikawaeleza kuhusu watoto. Nikawaeleza kuhusu wajawazito. Nikawaambia kuchemsha hakusaidii, na kwamba maji ya shule na ya zahanati ni salama.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. "Umejua lini?"

"Tangu barua ilipokuja, adeer."

"Barua ile uliyotusomea hapa?"

"Ndiyo."

"Ulituambia yana chumvi."

"Ndiyo, adeer."

Akaivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Aliyesema ni jirani yangu.

"Kwa hiyo punda alikuwa anakuletea maji ya shule."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unanisikia nikichota."

"Kila siku."

"Na tumbo hili ulikuwa unaliona."

Nilisema ndiyo. Hakulia, wala hakunitukana. Alimfunga mtoto wake vizuri mgongoni akatoka, na wanawake wa nyumba zetu wakatoka nyuma yake, mmoja mmoja, hadi wakabaki wanaume na mimi.

Nyumbani mama alikuwa amekwisha sikia. Alikuwa amekaa mlangoni, tasbihi mkononi. Nilikaa chini mbele yake.

"Baba yako alijua?" aliuliza.

"Hapana, hooyo. Hakujua. Hakuna aliyejua wakati ule."

"Basi yeye hana dhambi." Alivuta punje moja ya tasbihi, kisha nyingine. "Wewe ulijua. Na mimi ulinitazama nikinywa."

Hakuniongelesha tena mpaka Jumamosi.

Mfereji ulifungwa kwa waya siku ile ile. Mkaguzi alipopata habari alikuja na watu wawili na paipu ya plastiki nyeusi iliyoviringishwa kama nyoka aliyelala. Wanaume wa nyumba zetu walichimba mtaro kwa siku mbili. Nilitaka kuchimba nao, wakanikatalia, si kwa heshima. Paipu ya baba ilitoka ardhini vipande vipande, ikalazwa uani kwetu kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeitaka kwake. Mhunzi wa sokoni alikuja akaomba apewe aiyeyushe, atengeneze mawe ya mizani. Mkaguzi alimkatalia kabisa, akasema moshi wake ni sumu. Ilipakiwa kwenye gari lake, na watu waliosimama kutazama hawakusema chochote, hata "Allah amrehemu" hawakusema. Nililisikia hilo pengo waziwazi.

Alikuja pia na muuguzi wa kupima damu. Watoto wa nyumba kumi na moja walipanga foleni madrasani, na jirani yangu akiwa kati yao na mkono umekunjuliwa. Majibu yalipokuja, watoto kadhaa walikuwa na risasi mwilini, na wangu wawili walikuwemo, maana walikuwa wameyanywa maji yale tangu kuzaliwa. Tuliambiwa la kwanza ni kuacha chanzo, walishwe vizuri, wapimwe tena. Wengi nambari zao zimekuwa zikishuka. Nilimuuliza mkaguzi, tukiwa wawili, zile wiki tisa ziliongeza kiasi gani.

"Hilo hakuna anayeweza kukuambia, mwalimu," alisema.

Nilijua alisema hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini ningependa kupewa kipimo, hata kiwe kikubwa, nikijue.

Jirani yangu alijifungua msichana. Kwa macho hana tatizo. Ananyonya, analia, ameanza kushika vitu. Mkubwa wake alichelewa kusema, kisha akaanza kusema. Watoto wengine wengi huchelewa. Mimi nafundisha watoto, najua hivyo, na bado nikimsikia akitafuta neno upande wa pili wa ukuta naacha ninachofanya na kusikiliza mpaka alipate.

Niliandika barua ya kujiuzulu ukatibu. Mwenyekiti aliikataa. "Ukiondoka nani atasoma?" alisema. Wakati huo alikuwa amekuja muuguzi mpya wa zahanati, kijana ambaye kwao ni Banissa, na kamati ikaamua kwamba kuanzia sasa kila barua itasomwa na watu wawili, mimi kwanza kisha yeye, bila sisi kuzungumza katikati. Nilikubali. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi darasani mwangu nikisikiliza mtu mwingine akisoma karatasi ile ile niliyotoka kuisoma, na wazee wakilinganisha maneno yake na yangu. Wanafanya hivyo mpaka leo. Hawafanyi kwa chuki. Wakimaliza wananiagizia chai.

Miezi michache baada ya paipu mpya kuwekwa, matokeo ya sampuli za pili yalifika. Mfereji wetu ulikuwa salama. Nilikimbia, mtu mzima mimi, kutoka zahanati hadi nyumbani, barua mkononi, na nikamkuta jirani yangu akishusha mitungi kutoka kwenye mkokoteni wa punda. Alikuwa bado ananunua maji ya shule.

"Abaayo, maji yetu yamepona," nilimwambia. "Barua imekuja. Unaweza kuchota hapa."

Alishusha mtungi aliokuwa ameshika, akaufuta maji kwa ncha ya shela yake.

"Nani ameisoma?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba muuguzi naye ameisoma. Alinitazama kidogo, akamchukua mtoto, akaenda zahanati kumuuliza.